Mtakatifu Alfonso: Wakili Aliyeshindwa Kesi Mbele ya Watu



Umewahi kufeli kitu ambacho kila mtu alijua utakiweza? Basi leo tumwangalie Mtakatifu Alfonso Maria de Liguori.

Alizaliwa mwaka 1696 karibu na Napoli, Italia. Baba yake, ofisa wa jeshi la majini, alitaka mtoto wake awe mtu mkubwa mahakamani. Na kijana alikuwa na kichwa kweli: akiwa na miaka 16 tu alipata udaktari wa sheria za kiraia na za Kanisa. Akawa wakili wa kesi za madai, na inasimuliwa kwamba kwa miaka kama minane hakushindwa hata moja. Kesi isiyo ya haki hakuichukua.

Mwaka 1723 ikaja kesi kubwa ya mali kati ya wakuu wawili. Alfonso alizungumza vizuri sana. Kisha wakili wa upande wa pili akamwonyesha hati moja. Alfonso alikuwa ameisoma, ila maana yake ilimpita. Kesi ikaanguka palepale. Akaondoka na aibu, akajifungia chumbani siku tatu, hataki hata kula.

Alipotoka, alirudi kuwahudumia wagonjwa hospitalini, kama alivyozoea. Huko akahisi Mungu anamwita. Akaenda kanisani, akaacha upanga wake mbele ya Bikira Maria. Baba alikasirika mno! Lakini mwaka 1726 Alfonso alipewa upadre, na mwaka 1732 akaanzisha shirika la Waredemptoristi ili kuwahubiria maskini wa vijijini.

Sasa angalia: ule uwakili haukupotea. Wakati ule baadhi ya mapadre waliwabana waungamaji mpaka wakakata tamaa, wengine wakalegeza kila kitu. Alfonso alimsikiliza mdhambi kwa makini kama wakili anavyomsikiliza mteja wake, na katika vitabu vyake vya maadili akatafuta njia ya katikati. Naye alijua kuanguka kunaumaje. Alifariki mwaka 1787, akatangazwa mtakatifu mwaka 1839, na leo ni msimamizi wa waungamishi. Tunamkumbuka kila tarehe 1 Agosti.

Rafiki, kama kuna aibu imekufungia chumbani, usikae nayo peke yako. Wiki hii nenda kaungame.

Mtakatifu Alfonso, utuombee.