Josiah Kibira, Mwalimu wa Buhaya

Wasomaji wetu wengi walisikiapo jina la Josiah Kibira humkumbuka Askofu, yule Mhaya aliyechaguliwa mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Hapana Mwafrika aliyepata kukikalia kiti hicho kabla yake. Ni haki akumbukwe hivyo. Lakini leo twapenda kumtazama katika hali aliyokuwa nayo kabla ya kuvikwa joho, yaani mwalimu wa shule na baba wa nyumba, kwa kuwa twaamini ya kwamba mengi aliyoyatenda mbele ya macho ya ulimwengu yalichipua huko.

Alizaliwa tarehe 28 Agosti, 1925, katika nchi ya Buhaya, mahali ambapo nyumba hukaa katikati ya migomba, na mtu akiulizwa yeye ni nani hutaja kwanza ukoo wake na mwiko wa ukoo huo, kisha ndipo ataje jina lake. Elimu ya vitabu ilikuwa ngali changa. Vitabu vya awali vya Waprotestanti wa Bukoba vilitoka Buganda, vimeandikwa kwa Kiganda, navyo vilibebwa na vijana wa Kihaya walioanza kusoma hata kabla ya Wamisionari wa Bethel kufika mwaka 1910. Vita Kuu ya kwanza ikawaondoa Wajerumani hao; vita ya pili ikawaondoa tena. Mara zote mbili kazi ilibaki mikononi mwa walimu wenyeji, watu wa ujira hafifu, waliofundisha mchana na kulima kibanja jioni. Wanaodhani ya kuwa shule za Buhaya zilisimamishwa na wageni peke yao hawana budi kuifikiri upya habari hiyo.

Kibira akawa mmoja wa jamii hiyo ya walimu. Katika miaka yake ya ujana Buhaya ilikuwa imewaka moto wa Uamsho, ule uliotoka Rwanda na Uganda na kuwafanya watu wasimame hadharani kuungama, kurudisha vya wizi na kupatana na waliokosana nao. Wako waliouona kuwa ni fujo. Kwake yeye ulikuwa njia ya maisha, wala hakuuacha hata alipokuwa mkubwa. Na twaona kwamba athari yake haikuishia kanisani, bali iliingia hadi jikoni. Desturi ya zamani ilimtenga mume na mkewe hata katika chakula, na senene, kitoweo kile kipenzi cha Wahaya, mwanamke aliwaokota na kuwaandaa bali kuwala hakuruhusiwa. Watu wa Uamsho walifundisha ya kuwa mume na mke ni ndugu wawili wenye haki ya kuambiana kweli. Kibira na mkewe, Mama Martha, walikuwa watu wa mafundisho hayo.

Mwaka 1957 alikwenda Bethel, Ujerumani, kusoma elimu ya dini, akarudi mwaka 1960. Mwaka 1962 akaondoka tena, safari hii Boston, Marekani, hata mwaka 1964. Safari za namna hii husimuliwa kwa sifa za aliyesafiri. Sisi twaongeza ya kuwa mtu mwenye nyumba aendapo masomoni ng'ambo, sehemu ya ada hulipwa na waliobaki, nao hawapewi shahada.

Aliporudi mwaka ule wa 1964 alikabidhiwa uaskofu uliokuwa mikononi mwa Bengt Sundkler, Msweden na mwanachuoni mashuhuri. Hakuwa ametimiza miaka 40. Hivyo Mhaya akaiongoza dayosisi ya nyumbani kwake, miaka mitatu baada ya nchi kujitawala.

Sasa tufike penye kiini. Mwaka 1974 ilitoka kwa Kiingereza kazi yake ya kitaaluma juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu. Humo alitenda jambo ambalo wasomi wengi wa wakati wake waliona haya kulitenda: aliuchukua ukoo wa Kihaya, wenye ardhi yake, mwiko wake na wajibu wake kwa mjane na yatima, akauweka mezani kama somo ambalo kanisa lapaswa kujifunza. Umoja wa ukoo aliuheshimu. Alichokikataa ni ukuta wake, kwani ukoo humlinda wa ndani na kumsahau wa nje. Alitaka udugu upanuke. Mwalimu Nyerere alikuwa ameanzia mahali hapo hapo mwaka 1962 alipoieleza Ujamaa kuwa ni jamaa iliyopanuliwa hata kulienea taifa. Walimu wawili, mmoja wa siasa na mmoja wa dini, waliichukua mbegu moja nyumbani kwa wazazi wao. Haya si mambo ya bahati nasibu.

Udugu huo ulipata mitihani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa Serikali, Kahororo ikiwa mojawapo. Gazeti hili haliwezi kuilaumu sheria iliyomfungulia mlango mtoto wa kila dini. Bali ni haki kukiri kwamba shule hizo zilijengwa kwa jasho la wakulima wa kahawa, na kuziachia kulitaka moyo. Kisha Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaivamia ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera, na watu wakakimbilia kusini na watoto mgongoni. Wakati huo Rais wa Walutheri wa dunia nzima alikuwa mtu ambaye vita viko mlangoni pake.

Ugonjwa wa Parkinson, utetemeshao mikono na kukaza viungo, ulimwandama katika miaka ya mwisho ya uongozi wake. Mwaka 1984, huko Budapest, aliukabidhi urais wa Shirikisho. Mwaka mmoja kabla yake, katika Hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba, hospitali ya dayosisi yake mwenyewe, walitambuliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania. Kibira alifariki mwaka 1988, wakati vibanja vya Bukoba na Muleba vimeanza kujaa makaburi mapya, na mabibi wazee wakiwapokea wajukuu wasio na baba wala mama, na mara nyingine watoto wasiokuwa wa ukoo wao.