Georges Lemaître: Padri aliyeeleza mwanzo wa ulimwengu, akakataa kuufanya ushahidi wa Mungu

Novemba 22, 1951, Papa Pius XII aliwahutubia wanasayansi wa Taasisi ya Kipapa ya Sayansi mjini Vatican. Aliwaambia kuwa sayansi ya kisasa, kwa kuonyesha kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo, imekuwa shahidi wa tendo la uumbaji.

Kwa waumini wengi ilikuwa habari njema. Hatimaye, maabara na altare vimekubaliana!

Lakini kuna mtu ambaye hotuba hiyo haikumfurahisha hata kidogo. Hakuwa mpinga dini. Alikuwa padri wa Kikatoliki, na nadharia aliyokuwa akiisifu Papa ilikuwa yake mwenyewe.

Jina lake ni Georges Lemaître, raia wa Ubelgiji. Leo karibu kila mtu amesikia habari za Big Bang, lakini wachache wanajua kwamba aliyeanzisha wazo hilo alikuwa akisali misa.

Kutoka kwenye mizinga hadi seminari

Lemaître alizaliwa Julai 17, 1894 katika mji wa Charleroi, eneo la migodi ya makaa ya mawe. Tangu utotoni alitaka mambo mawili kwa pamoja: kuwa padri na kuwa mwanasayansi. Hakuona kwa nini achague moja.

Alianza kusomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Mwaka 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, akaacha masomo na kujiunga na jeshi. Alitumikia kikosi cha mizinga na kutunukiwa nishani ya ushujaa.

Baada ya vita aliachana na uhandisi, akahamia hisabati na fizikia, na mwaka 1920 akapata shahada ya udaktari. Kisha akaingia seminari. Septemba 1923 akapewa daraja la upadri.

Hakupangiwa parokia. Mwaka huohuo alikwenda Cambridge, Uingereza, kusoma chini ya Arthur Eddington, mmoja wa wanaanga wakubwa wa enzi hizo. Kutoka hapo akavuka bahari hadi Marekani, akafanya utafiti Harvard na kusoma MIT. Mwaka 1925 alirudi Louvain kufundisha.

Einstein amkatalia

Wakati huo wanasayansi wengi waliamini ulimwengu umetulia tu, haukui wala haupungui. Hata Albert Einstein, hesabu zake zilipomwonyesha vinginevyo, aliongeza kipengele mwaka 1917 ili ulimwengu ubaki palepale.

Mwaka 1927 Lemaître alichapisha makala kwa Kifaransa akisema ulimwengu unatanuka. Fikiria donge la unga lenye zabibu kavu ndani yake. Unga ukiumuka, kila zabibu inajikuta mbali zaidi na mwenzake, ingawa hakuna iliyotembea. Ndivyo galaksi zinavyoachana.

Alikokotoa hata kasi ya kutanuka huko, miaka miwili kabla ya Mmarekani Edwin Hubble kutangaza vipimo vyake vilivyompa umaarufu.

Tatizo ni kwamba makala ilitoka katika jarida la Ubelgiji ambalo wachache walilisoma. Oktoba 1927 alikutana na Einstein kwenye mkutano mjini Brussels. Einstein alimwambia kuwa hesabu zake ziko sawa, ila fizikia yake inachukiza. Kwa padri kijana wa miaka 33, hilo lilikuwa pigo.

Mambo yakabadilika Hubble alipochapisha matokeo yake mwaka 1929. Lemaître alimkumbusha mwalimu wake Eddington kuhusu ile makala, naye akaanza kuitangaza. Mwaka 1931 ikachapishwa kwa Kiingereza, lakini bila sehemu muhimu inayohusu kasi ya kutanuka.

Kwa miaka mingi watu walijiuliza nani aliikata. Barua iliyokuja kuibuliwa mwaka 2011 ilionyesha kwamba ni Lemaître mwenyewe. Aliona takwimu hizo zimeshapitwa na wakati, basi akaziacha. Hakuwa mtu wa kugombania sifa.

Siku isiyokuwa na jana

Mwaka huohuo wa 1931 alipiga hatua kubwa zaidi. Kama ulimwengu unatanuka, aliwaza, basi ukirudisha muda nyuma utakuta kila kitu kimebanana sehemu moja. Aliita mwanzo huo atomi ya asili: punje moja iliyopasuka na kuzaa kila kilichopo, pamoja na nafasi na muda wenyewe.

Hapo ndipo kola yake ya upadri ilipoanza kumponza. Baadhi ya wanasayansi walihisi harufu ya Kitabu cha Mwanzo. Padri anasema ulimwengu ulikuwa na mwanzo? Si anahubiri huyo!

Mwingereza Fred Hoyle, aliyetetea ulimwengu usio na mwanzo wala mwisho, ndiye aliyetumia jina Big Bang kwa mara ya kwanza, katika kipindi cha redio ya BBC mwaka 1949. Nadharia haikumpendeza, lakini jina alilolipa likaganda.

Kwa hiyo hotuba ya Papa ya 1951 ilimweka Lemaître pabaya. Waliomshuku kwamba anaingiza dini kwa mlango wa nyuma sasa walikuwa na hoja mkononi. Na nadharia yenyewe ilikuwa bado haijathibitishwa. Kama kesho ingeonekana si kweli, imani iliyoegemezwa juu yake ingesimama wapi?

Alikwenda Rome. Yeye pamoja na Daniel O'Connell, padri aliyeongoza kituo cha anga cha Vatican, walifikisha ushauri wao kwa wakuu wa Kanisa. Septemba 1952, Papa alipozungumza na wanaanga kutoka nchi mbalimbali, hakuyarudia yale madai.

Njia mbili

Msimamo wa Lemaître haukuwa kwamba dini na sayansi ni maadui. Kwake, Biblia inafundisha njia ya wokovu, si fizikia. Anayetafuta umri wa nyota humo anakosea sawa na anayetafuta uzima wa milele ndani ya darubini.

Pia alitofautisha mwanzo na uumbaji. Fizikia inaweza kueleza hali ya kwanza ya ulimwengu na kilichofuata. Kwa nini kuna kitu badala ya utupu ni swali jingine. Nadharia yake, alisisitiza, inamwacha asiyeamini huru kukana.

Si kila alichokisema kilikuwa sahihi. Alidhani miale ya kosmiki inayopiga Dunia ni majivu ya ule mpasuko wa kwanza, kumbe sivyo. Lakini mabaki yalikuwepo kweli. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson wa Marekani walitangaza kwamba wamenasa mnururisho hafifu unaotoka kila upande wa anga, ambao ulitambuliwa kuwa joto lililobaki tangu mwanzo wa ulimwengu.

Habari hiyo ilimfikia Lemaître akiwa mgonjwa, ikiletwa na msaidizi wake wa zamani, Odon Godart. Alifariki Juni 20, 1966 akiwa na miaka 71, akiwa bado rais wa Taasisi ya Kipapa ya Sayansi, wadhifa aliopewa mwaka 1960.

Mwaka 2018 wanaanga wa dunia walipiga kura na kupendekeza kwamba kanuni ya kutanuka kwa ulimwengu, iliyobeba jina la Hubble peke yake kwa miongo mingi, sasa iitwe kanuni ya Hubble na Lemaître.