Sayyida Salme: Binti wa Mtoni Aliyeihifadhi Unguja kwa Kalamu

Miongoni mwa watu walioiandika Unguja ya karne ya kumi na tisa, ni wachache mno walioijua kwa ndani kama Sayyida Salme binti Said. Wasafiri wengi wa Ulaya waliiona kutoka bandarini. Yeye aliijua kutoka uani. Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini mwa mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi aliyetekwa kwao akiwa angali mtoto mdogo.

Jumba la Mtoni ndilo lililomfunza kutazama. Uani walitembea tausi, paa, mbuni na heroe. Mbele ya jumba, upande wa bahari, palikuwa na roshani ya mbao yenye paa, ambamo Sayyid Said alipenda kunywa kahawa na kutembea huku na huko akiwa ameinama kwa mawazo. Kando ya nyumba za kuogea ilisimama michungwa mirefu, na watoto walijificha katika matawi yake wakimkimbia mwalimu wao mkali. Mbele ya Sayyid Said lugha iliyoruhusiwa ni Kiarabu tu. Alipogeuza mgongo, zilisikika Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kinubi, Kihabeshi na Kiswahili.

Binti wa kifalme alifunzwa kusoma Kurani, lakini kuandika hakukuwa elimu iliyopewa wasichana. Salme hakukubali. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto waliutumia kama ubao, akanakili herufi za Kurani kwa siri mpaka mkono wake ukazoea. Tendo hilo la kitoto ndilo lililoamua mkondo wa maisha yake. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856, na mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua mama yake. Mwaka huohuo Barghash alimwasi nduguye Majid, aliyekuwa ametawazwa Unguja. Salme, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, akawa mwandishi wa barua za waasi, kwani alikuwa na ujuzi ambao dada zake walioshiriki njama ile hawakuwa nao. Uasi ulishindwa na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Ingawa Majid alimsamehe dada yake, uhusiano wa Salme na jamaa zake wengi uliingia ufa.

Baadaye aliishi mashambani kwa muda, kisha akarudi mjini, ambako alijuana na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg aliyekuwa jirani yake. Salme alipata mimba, na kwa hali ya wakati ule maisha yake yakawa hatarini. Mnamo Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, akafikishwa Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, akafunga ndoa na Ruete siku hiyohiyo. Mtoto wao alifariki walipokuwa safarini kwenda Ujerumani.

Hamburg ilimpokea kwa baridi, milango iliyofungwa na lugha asiyoielewa. Alizaa watoto watatu, na mnamo Agosti 1870, kitinda mimba akiwa wa miezi michache tu, mumewe alifariki kutokana na ajali ya tramu. Salme alihama mji hata mji, akifundisha Kiarabu ili kupata riziki. Mali yake na urithi wake vilibaki Unguja, na hakuweza kuvipata.

Katika dhiki hiyo ndipo alipoanza kuandika. Nia yake ya kwanza haikuwa kuchapisha, bali kuwaachia watoto wake habari za asili yao, kwani alihofia kufa kabla hawajakua. Kwa sababu hiyo maelezo yake hayana haraka. Anaingia chumbani na kuonyesha mashubaka ya ukutani yaliyopangwa vyombo vya kioo na kauri, saa na vioo vikubwa, na vitanda vya juu vya mbao iliyonakshiwa kutoka Bara Hindi. Mtu aliyenyang'anywa nyumba aliijenga upya kwa maneno, shubaka baada ya shubaka. Kitabu chake kilichapishwa Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, nacho ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa kuchapishwa na mwanamke wa Kiarabu.

Hata hivyo, msomaji makini hana budi kuona mahali jicho lake lilipokoma. Salme aliutetea utumwa wa Unguja, akidai kuwa ulikuwa mpole. Mikarafuu ya mashamba ya jamaa zake ilipandwa na kuchumwa na watumwa, ambao hawakupata nafasi ya kuandika yao. Umahiri wa kueleza vitu haukumwezesha kuwatendea haki watu waliovibeba.

Mwaka 1885 alirudi Unguja chini ya ulinzi wa manowari za Ujerumani. Serikali ya Bismarck ilimtumia kumshinikiza Barghash, aliyekuwa sultani tangu 1870, kisha ikamwacha. Barghash hakukubali kumwona. Jumba la Mtoni alilikuta limekuwa gofu lililoota nyasi. Alichoondoka nacho kutoka katika nyumba ya kuzaliwa kwake ni majani na jiwe. Alirudi tena mwaka 1888 bila mafanikio, kisha akaishi Jaffa na Beirut hadi mwaka 1914.

Sayyida Salme alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Ohlsdorf, Hamburg. Miongoni mwa vitu alivyoviacha palikuwa na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja. Urithi wa baba yake alioudai kwa miaka mingi hakuupata. Hata hivyo, leo atakaye kujua chumba cha Mtoni kilikuwaje, au ni miti gani iliyowaficha watoto wa Sayyid Said, hulazimika kubisha hodi katika kitabu chake.