Wangila: Aling'ara Seoul, akazimikia Las Vegas

KENYA imetwaa dhahabu nyingi za Olimpiki, na zote isipokuwa moja zimeletwa na wanariadha. Hiyo moja ililetwa na makonde ya Robert Wangila Napunyi.

Wangila alizaliwa Nairobi mnamo Septemba 3, 1967. Alikua wakati ambapo ndondi za ridhaa zilikuwa fahari ya taifa. Mwaka 1987 Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika, alikuwa miongoni mwa mabondia wa nyumbani waliovishwa dhahabu.

Mwaka uliofuata alielekea Seoul, Korea Kusini, kupigana katika uzani wa welta. Fainali ilimkutanisha na Mfaransa Laurent Boudouani, kijana hodari ambaye baadaye angekuwa bingwa wa dunia wa WBA. Wangila hakungoja hesabu ya majaji. Katika raundi ya pili alimwangusha Mfaransa huyo, na pigano likaishia hapo. Akawa bondia wa kwanza mweusi kutoka bara la Afrika kunyakua dhahabu ya Olimpiki. Katika michezo hiyo hiyo, mwenzake Chris Sande alijipatia shaba.

Lakini medali haimlishi mtu. Mwaka 1989 Wangila aliingia katika ndondi za kulipwa nchini Marekani, kutafuta riziki na mkanda wa dunia. Huko mambo yalikuwa mengine. Katika ridhaa alizoea raundi tatu, akiwa amevaa kinga ya kichwa. Sasa kichwa kilikuwa wazi, na raundi zilifika kumi au zaidi. Alishinda mapigano 22, mengi yao kwa kuwaangusha wapinzani, na kushindwa mara tano. Mkanda wa dunia hakuupata.

Julai 22, 1994 alipanda ulingoni Las Vegas kupambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa, refa aliona makonde yamemzidi, akalisimamisha pigano. Wangila alipinga uamuzi huo, kwani alitaka kuendelea. Moyo huo wa kutokubali kushindwa ndio uliompa ubingwa wa Seoul, na usiku huo ulimficha jinsi alivyokuwa ameumia. Muda mfupi baadaye alizirai katika chumba cha kubadilishia nguo. Hakuzinduka tena. Aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 26.

Hata kifo hakikumpa utulivu. Alikuwa amesilimu, na mwili uliporejeshwa nyumbani, jamaa zake Wakristo na upande wa Waislamu walivutana kuhusu mazishi hadi mahakamani. Hatimaye alizikwa jijini Nairobi kwa taratibu za Kiislamu.

Enzi zake, ulingo wa Olimpiki ulikuwa wa wanaume pekee. Wanawake waliruhusiwa London mwaka 2012, na Elizabeth Andiego akaiwakilisha Kenya.

Leo, kijana wa Ukunda au Msambweni anayefunga glavu akiota Olimpiki, awe mvulana au msichana, ana mfano wa kufuata katika Wangila. Ana onyo pia: refa anaposema basi, huenda ameona jambo ambalo bondia mwenyewe hawezi kuliona.