Al-Khwarizmi, Mzee wa Aljebra



Wengi wetu tunajua delta kwa kichwa, lakini hatumjui aliyefungua njia. Leo tunawaletea maisha yake.

Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alizaliwa karibu mwaka wa 780. Jina lake linatokana na Khwarizm, nchi iliyo kusini ya ziwa Aral. Alifanya kazi Baghdad, katika Nyumba ya Hekima, chini ya Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu 813 hadi 833. Hapo aliandika kitabu kilicholeta neno aljebra. Alitaka kiwasaidie watu kugawa urithi, kufanya biashara na kupima mashamba. Hakuwa na x wala alama ya kujumlisha: yote aliyaandika kwa maneno, akachora miraba ili kuonyesha sababu.

Tuchukue mfano wa kwetu. Mtu anatoka Uvira kwa kinga kwenda bonde la Ruzizi, tuseme kilomita 30. Kama angeongeza mwendo kwa kilomita 5 kwa saa, safari ingepungua saa 1. Mwendo wake ni ngapi?

Tuuite v. Basi 30/v kutoa 30/(v + 5) ni 1, na tunapata v² + 5v = 150. Sasa tufuate njia ya mzee. Chora mraba wenye ubavu v. Gawa 5 mara mbili, ubandike vipande vya upana wa 2,5 kwenye pande mbili. Kona moja inabaki wazi: 2,5 × 2,5 = 6,25. Ijaze. Mraba mzima ni 156,25, ubavu wake 12,5. Ondoa 2,5: v = 10. Hakikisha: kwa 10 ni saa 3, kwa 15 ni saa 2.

Delta inatoa pia -15. Mzee hakukubali jibu la namna hiyo, maana ubavu wa mraba hauwezi kuwa chini ya sufuri. Lakini sisi wa mwaka wa sita, katika mtihani mmoja, wengi tuliandika majibu yote mawili, tukapoteza pointi. Fomula tulikuwa nayo kweli. Yule mtu wa kinga tulimsahau njiani.

Al-Khwarizmi alikufa karibu mwaka wa 850. Mwaka wa 1145 Robert wa Chester alikitafsiri kitabu chake kwa Kilatini, nayo Ulaya ikajifunza. Alikuwa Mwislamu, na leo sisi wa shule ya Kiprotestanti tunakula matunda yake. Elimu haina kabila.

Basi wandugu, kabla ya kupiga mstari chini ya jibu, tujiulize kwanza: mtu anaweza kweli kusafiri hivyo?