Suzanne Lenglen: Bingwa aliyenyang'anywa mahasimu

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Katika mambo ya utawala usemi huo una mashiko, lakini uwanjani unahitaji kusahihishwa. Mchezaji aliyebaki peke yake kileleni hana kipimo cha kumwonyesha urefu wake. Hali yake ni sawa na ya mwanafunzi anayeshika nambari ya kwanza katika darasa ambalo hakuna anayemkaribia. Kila mwalimu anamfahamu mwanafunzi wa namna hiyo, na anajua jinsi mtihani wa kitaifa unavyoweza kumshtua.

Nimeyawaza haya kwa kuyatafakari maisha ya Suzanne Lenglen, Mfaransa aliyetawala tenisi ya wanawake baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na akafariki mwaka wa 1938. Wengi wetu tunaofuatilia mashindano ya Paris humwona bingwa wa wanawake akikabidhiwa kombe lenye jina la mama huyo. Ni wachache wanaojua kwamba wakuu wa tenisi waliwahi kumfungia milango, na kwamba kosa lake lilikuwa moja tu: alitaka kulipwa kwa kazi aliyoifanya.

Suzanne alizaliwa jijini Paris tarehe 24 Mei 1899. Alikuwa mtoto mnyonge wa mwili, mwenye kusumbuliwa na pumu. Babake, Charles Lenglen, alimpa raketi mwaka wa 1910 kwa matumaini kwamba mazoezi yangemwimarisha. Muda si muda, mchezo uliokusudiwa kuwa dawa ukageuka kuwa kazi. Mzee huyo hakuwa mwalimu wa tenisi, lakini alikaa kando ya viwanja vya Nice, kusini mwa Ufaransa, akawachunguza wachezaji hodari mmoja baada ya mwingine, kisha akabuni mtaala wake mwenyewe. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitandaza leso uwanjani na kumtaka binti yake ailenge kwa mpira, na kadiri alivyoendelea kupata shabaha ndivyo leso ilivyozidi kukunjwa. Aidha, alimpambanisha na wanaume, kwa kuwa hakuridhika na mchezo wa taratibu uliodhaniwa kuwafaa wanawake wa enzi hizo.

Mafunzo hayo yalizaa matunda, lakini yalikuwa na uchungu wake. Charles Lenglen hakuona haya kumkaripia mwanawe mbele ya watu pindi alipokosea. Msichana alikua akiwa na ustadi mkubwa na hofu kubwa, hofu ya kushindwa, na vyote viwili viliandamana naye hadi mwisho wa uchezaji wake. Mzazi au mwalimu anayedhani kwamba ustadi ndio pekee unaopandwa kwa ukali, na aitazame habari hii vizuri.

Mnamo 1914, kabla hajatimiza miaka 15, Suzanne alifika fainali ya ubingwa wa Ufaransa akashindwa na Marguerite Broquedis. Majuma machache baadaye, akiwa ametimiza miaka 15, alitwaa ubingwa wa dunia wa viwanja vya udongo huko Saint-Cloud. Kisha vita vikalipuka, na kwa miaka mitano mashindano makubwa ya Ulaya yakafa ganzi.

Amani iliporejea, Lenglen alikwenda Wimbledon, Uingereza, kwa mara ya kwanza mwaka wa 1919. Kwa kanuni za wakati huo, bingwa mtetezi hakucheza ila fainali tu, akimngoja yule aliyewashinda wengine wote. Aliyekuwa akingoja alikuwa Dorothea Lambert Chambers, mama wa miaka 40 aliyekuwa amekwisha kulinyakua taji hilo mara 7. Alivaa kama desturi ilivyotaka: sketi ndefu iliyokaribia vifundo vya miguu, na mikono iliyofunikwa. Lenglen alitokea na gauni jepesi lililoishia chini kidogo ya magoti, mikono wazi, bila lile vazi gumu la ndani ambalo wanawake walijibania kiuno hata wakashindwa kupumua. Baadhi ya watazamaji walishtuka. Hata hivyo, mchezo wenyewe uliwasahaulisha mavazi.

Mbele ya Mfalme George wa Tano na Malkia Mary, wanawake hao wawili walipigana kwa gemu 44. Lenglen alichukua seti ya kwanza 10-8, Chambers akajibu kwa 6-4. Katika seti ya tatu Mwingereza huyo akaongoza 6-5, na mara mbili akahitaji pointi moja tu ili abaki bingwa. Mara moja kati ya hizo mpira uligonga ukingo wa raketi ya Lenglen, ukagusa ukanda wa juu wa wavu na kuangukia upande wa pili. Lenglen akaokoka, akashinda 9-7. Laiti mpira ule ungaliangukia upande wake, huenda historia ingalisimuliwa vingine. Hiyo ndiyo faida ya hasimu wa kweli: alimlazimisha msichana huyo aonyeshe kitu ambacho leso ya babake isingeweza kukionyesha, yaani ujasiri.

Kuanzia hapo ulifuata utawala ambao tenisi ilikuwa haijawahi kuuona. Lenglen alitwaa taji la Wimbledon kila mwaka kuanzia 1919 hadi 1923, na tena 1925. Katika Michezo ya Olimpiki ya Antwerp mwaka wa 1920 alipata medali ya dhahabu akiwa amepoteza gemu 4 tu katika mechi zake zote za mchezaji mmoja mmoja. Wimbledon ya 1925 aliimaliza akiwa amepoteza gemu 5 pekee. Watu walifurika kumtazama hata uwanja wa zamani ukaonekana finyu, na mwaka wa 1922 Wimbledon ikahamia makao makubwa zaidi inayoyatumia hadi leo.

Tangu 1919 hadi 1926 alishindwa mara moja tu katika mechi ya mmoja kwa mmoja. Ilikuwa Forest Hills, New York, Agosti 1921. Alikuwa amevuka bahari kwenda Marekani akinuia kucheza mechi za kuchangia sehemu za Ufaransa zilizobomolewa na vita. Babake, ambaye hakuipenda safari hiyo, alibaki nyumbani. Wakati huo wachezaji hodari hawakutenganishwa katika ratiba, hivyo Lenglen akajikuta mapema mno uso kwa uso na Molla Mallory, mzaliwa wa Norway aliyekuwa bingwa wa Marekani. Mallory alichukua seti ya kwanza 6-2. Mwanzoni mwa seti ya pili Lenglen, huku akikohoa, aliacha mchezo na kuondoka uwanjani. Watazamaji walimzomea. Wengine walisema ni mgonjwa kweli, wengine wakasema ameshindwa kustahimili kushindwa. Yamkini pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli.

Mwaka uliofuata walikutana tena katika fainali ya Wimbledon, na Lenglen akamlaza Mallory 6-2, 6-0 kwa muda usiotimia nusu saa. Kisasi kilikuwa kimelipwa.

Pambano kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa bado. Huko California alikuwa amechipuka msichana mtulivu, Helen Wills, bingwa wa Marekani kwa miaka mitatu mfululizo na mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya 1924 jijini Paris. Mapema mwaka wa 1926, akiwa na miaka 20, Wills alisafiri hadi pwani ya kusini mwa Ufaransa kumtafuta Lenglen nyumbani kwake. Tarehe 16 Februari walikutana mjini Cannes katika mashindano ambayo kwa kawaida yasingevuma. Waandishi wa habari walimiminika kutoka pande nyingi, tiketi zikauzwa kwa bei ya kuruka, na waliozikosa wakapanda miti na mapaa ya nyumba za jirani.

Lenglen alishinda seti ya kwanza 6-3. Katika seti ya pili alikuwa akiongoza 6-5, akihitaji pointi moja amalize kazi. Wills akapiga mpira mkali ukaangukia kwenye kona, sauti ikasikika kwamba umetoka nje, na wachezaji wakapeana mikono. Watu walikuwa wamekwisha kuvamia uwanja na maua mikononi wakati mwamuzi wa mstari, Lord Charles Hope, alipojipenyeza kumweleza mwamuzi mkuu kwamba si yeye aliyepaza sauti, na kwamba mpira ule ulikuwa halali. Mchezo ukarudiwa. Wills akaishinda gemu hiyo, wakawa 6-6. Yule yule aliyezomewa New York kwa kuacha mchezo sasa alirudi kwenye mstari bila ubishi, akatwaa gemu mbili zilizofuata na ushindi wa 8-6. Naamini hiyo ndiyo saa yake bora kuliko makombe yote.

Dunia ilitarajia kwamba huo ulikuwa mwanzo tu. Kumbe ulikuwa mwanzo na mwisho. Miezi michache baadaye Wills alipasuliwa kidoletumbo jijini Paris, akajiondoa katika mashindano ya Ufaransa yakiwa yanaendelea na kuyakosa ya Wimbledon. Lenglen naye alikumbwa na balaa huko Wimbledon: kutoelewana kuhusu ratiba kulimfanya Malkia Mary amngoje bure, watazamaji waliomwabudu wakamgeuka, naye akajiondoa. Hakurudi tena.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha mambo. Tenisi ya siku hizo ilikuwa mali ya vyama vya wachezaji wa ridhaa, yaani wale waliodaiwa kucheza kwa mapenzi bila ujira. Kanuni hiyo iliwafaa matajiri wasiohitaji mshahara. Vyama vilikusanya viingilio, wenye hoteli walijaza vyumba, magazeti yaliuza nakala, na wengine walilipwa kwa siri kwa kisingizio cha gharama za safari. Aliyevuta umati wote huo ndiye pekee aliyekatazwa kupokea chochote waziwazi. Mcheza kwao hutunzwa, lakini Lenglen alicheza kwao na ugenini, na aliyetunzwa ni mwenye lango.

Agosti 1926 alitia sahihi mkataba na mfanyabiashara wa Marekani, Charles C. Pyle, kwa ahadi ya dola 50,000, akawa nyota wa kwanza wa tenisi kuzunguka nchi kwa malipo ya wazi. Alijieleza bila kuficha: miaka yote hiyo amewatajirisha wengine kwa kazi yake, na haoni haki katika mpango unaomruhusu tajiri pekee kuwa bingwa. Klabu ya Wimbledon ilimpokonya uanachama wa heshima, na milango ya mashindano makubwa ikafungwa.

Watu husema kwamba adhabu hiyo ilimnyima heshima. Mimi naona ilimnyima kitu kikubwa zaidi, nacho ni mahasimu. Aliyekubali kufuatana naye ni Mary Browne, mchezaji mwenye adabu na ustadi, lakini aliyekuwa na miaka 35 na ambaye mataji yake ya Marekani yalikuwa ya kabla ya vita. Kuanzia Oktoba 1926, walipofungua safari Madison Square Garden, hadi Februari 1927, Lenglen alimshinda Browne mara 38 kati ya 38. Ushindi huo mtupu haukumwongezea sifa hata chembe. Helen Wills alibaki kwenye ridhaa, hawakukutana tena, na kwa miaka kadhaa Wills naye akatawala bila kupoteza hata seti moja. Fahali wawili, kila mmoja peke yake katika zizi lake, na hakuna atakayejua yupi alikuwa na nguvu zaidi.

Lenglen aliishia kuwa mwalimu. Alifungua shule ya tenisi jijini Paris akawafunza watoto kwa upole ambao yeye mwenyewe hakuupata. Alifariki tarehe 4 Julai 1938 akiwa na miaka 39 tu. Siku mbili kabla yake, Helen Wills alikuwa ametwaa taji lake la 8 na la mwisho la Wimbledon. Milango ya mashindano makubwa ilifunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa mwaka wa 1968, miaka 30 baada ya mama huyo kuzikwa. Ndipo taratibu jina lake likarudishwa, likapewa kombe na uwanja mkubwa huko Roland Garros.

Kisa hiki si kigeni kwetu kama tunavyoweza kudhani. Kipchoge Keino na Ben Jipcho, walipojiunga na kundi la wanariadha wa kulipwa la Marekani katika miaka ya 1973 na 1974, walilipa gharama ile ile: milango ya Olimpiki iliwafungwa. Jipcho alikuwa ametoka tu kushinda dhahabu mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch.

Kwa hivyo walimu wenzangu, tunapomwona mtoto mwenye kipawa katika michezo ya shule, tujiulize maswali mawili kabla ya kupiga makofi. La kwanza, je, kombe analotuletea linamfaidi yeye, au linapamba ofisi zetu tu? La pili, je, tumempa washindani wa kumpima, au tumempeleka mahali rahisi ili ashinde na sisi tusifiwe? Nanyi wanafunzi, msimchukie yule anayewafuata unyounyo katika kila mtihani na kila mbio. Siku atakapoondoka, ndipo mtakapotambua alivyowasaidia.