Émile Francqui, Mtu wa Msafara na wa Benki

Watu wa Buluo na wa Likasi yote waijua shaba, lakini si wote wamjuao Émile Francqui. Yeye alipita Katanga kabla ya kampuni kuchimba migodi yake, kisha akawa mkuu wa benki iliyoishika mali hiyo.

Alizaliwa Bruxelles, nchini Ubelgiji, mwaka 1863. Alifiwa na wazazi angali mdogo, akapelekwa katika shule ya askari. Mwaka 1885, akiwa kijana, alitumwa Kongo. Mwaka 1891 aliingia katika msafara wa Kapteni Lucien Bia uliokwenda Katanga. Walifika Bunkeya mwanzoni mwa 1892, muda mfupi baada ya Mfalme Msiri kuuawa na watu wa msafara mwingine. Nchi ilikuwa na njaa kuu, na watu wengi wa msafara walikufa. Mwezi wa Agosti Bia naye alifariki, ndipo Francqui akashika uongozi. Jules Cornet, mjuzi wa mawe aliyekuwa pamoja nao, aliandika habari za shaba ambayo wenyeji walikuwa wakiiyeyusha tangu zamani.

Aliporudi Ulaya, Francqui aliacha kazi ya askari akaingia katika mambo ya fedha. Mwaka 1912 alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa Société Générale, benki iliyoshiriki kuianzisha Union Minière mwaka 1906.

Vita vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliiteka Ubelgiji, chakula kikaadimika. Hapo yule aliyeiona njaa ya Bunkeya alipewa kazi ya kugawa mkate. Aliongoza kamati ya msaada, akishirikiana na Mmarekani Herbert Hoover, na watu wapatao milioni 7 wakapata chakula. Fedha zilizobaki baada ya vita ziliwekwa kwa ajili ya vyuo vikuu vya Ubelgiji.

Mwaka 1926 faranga ya Ubelgiji ilikuwa ikianguka. Francqui akaitwa kuwa waziri, na kwa miezi michache thamani yake ikathibitika. Mwaka 1932 akawa mkuu wa Société Générale mahali pa Jean Jadot, ambaye Likasi iliitwa Jadotville kwa heshima yake. Bandari ya Ilebo nayo iliitwa Port-Francqui. Mwaka 1934 alirudi serikalini, lakini serikali hiyo ilianguka Machi 1935, naye akafariki Novemba mwaka uo huo.

Basi, msomaji, tumpime mtu huyu kwa haki. Alilisha wenye njaa katika nchi yake, na fedha za msaada hakuziacha zipotee. Lakini vyuo vile vilisimama Ulaya, na shaba ilitoka Katanga kwa jasho la wachimbaji wenye ujira mdogo. Wapagazi waliokufa njiani hawakupewa mji wala bandari ya kuitwa kwa majina yao. Mwenye kushika mali ya wengi huulizwa mambo mawili: je, aliitunza vema? Tena, je, walioitolea jasho walipata fungu lao?